Mahindi ya Sindeni huanza kuitwa bidhaa wapi?

Mkulima wa Sindeni akimaliza kuvuna hana bidhaa, ana mahindi. Akiyapukuchua, akayaanika na kuyatia kwenye magunia, ana mzigo. Lori la mnunuzi likija, magunia yakapangwa mpaka yakapita kimo cha bodi, karatasi za njiani zitayaita shehena. Huko mjini yatakobolewa, yatasagwa na kutiwa kwenye mifuko yenye nembo, kisha baadhi ya mifuko hiyo itageuza njia na kurudi Handeni ikiwa imefungwa kwenye keria ya pikipiki. Hapo ndipo mwenye duka ataipanga kwenye shelfu na kutangaza kwamba bidhaa zimeingia. Mteja wake wa kwanza anaweza kuwa mke wa mkulima yule yule, ambaye akiba ya nyumbani imemwishia kabla ya mvua. Naye hatasema amekuja kununua bidhaa. Amefuata mahitaji.

Nafaka ni ile ile tangu mwanzo. Kilichobadilika ni bei, na mtu mwenye haki ya kuipa jina.

Sindeni ni kata ya Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, katika nchi ya Wazigua. Watu wake ni wa mahindi, muhogo, ufuta na machungwa kidogo, na mji wao wa kukimbilia unapohitajika mji wenye reli na stendi kubwa ni Korogwe. Barabara ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, imetiwa lami, na tangu hapo mambo mengi yamekuwa mepesi, pamoja na kuondoka kwa mazao. Ni mahali pazuri pa kulisikiliza neno bidhaa, kwa sababu huku linasikika likitoka upande mmoja zaidi kuliko mwingine: linakuja na gari kutoka mjini.

Ukiuliza kamusi, itakwambia kwa maneno machache kwamba bidhaa ni kitu cha kuuzwa na kununuliwa. Kwa maana hiyo gunia la mkulima ni bidhaa tangu siku alipoamua kuliuza. Lakini watu hawasemi hivyo. Sabuni ni bidhaa, betri, unga wa mfukoni, kanga, mafuta ya kujipaka. Mahindi, ufuta na machungwa ni mazao, na ng'ombe wa mnadani ni mifugo. Hata serikalini wamezoea kutenga "mazao ya kilimo" huku na "bidhaa za viwandani" kule. Mazao yakitakiwa na kiwanda yanapewa jina la tatu, malighafi. Bomba la mafuta lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linalopita katika mkoa huu huu, nalo ni la mafuta ghafi. Jina bidhaa litayangoja kwenye mitambo ya kusafishia, tena si yetu.

Neno lenyewe ni la Kiarabu. Asili yake ni kitenzi cha kukata: bidhaa ni kipande cha mali ambacho mtu amekikata na kukitenga kwa ajili ya biashara. Bara wengi hulitamka bizaa, na kwa wazungumzaji wa lugha zisizo na sauti ya dh hilo si kosa la kuchekwa. Wako pia wanaosema mabidhaa. Kiswahili sanifu kinatosheka na bidhaa hii, bidhaa hizi.

Mtoto wa chuoni aliyesomeshwa Kurani, na Handeni wako wengi, amekutana na neno hili kabla ya kukutana na duka. Limo katika sura ya Yusuf, na katika msahafu mzima halipatikani kwenye sura nyingine. Lakini mara ya kwanza linapotajwa humo halihusu nguo wala nafaka. Linamhusu mtoto. Msafara unapita, mtekaji maji anatumbukiza ndoo kisimani, anamtoa mvulana, nao wanamficha kwa kumhesabu kuwa bidhaa. Baadaye ndugu zake, wakati wa njaa, wanakwenda Misri kutafuta nafaka na neno lile lile linatumika kwa vitu walivyobeba ili wabadilishane na chakula.

Nchi ya Wazigua inakijua kisa hicho kwa namna yake. Katika miaka ya 1830 kulitokea njaa kubwa huku. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula na wengi wakaishia kuuzwa. Wengine walipakiwa majahazini na kupelekwa hadi pwani ya Banadiri, Barawa na majirani zake, wakalimishwa mashamba. Baadhi yao walitoroka wakaingia kwenye misitu ya bonde la Mto Juba. Simulizi zao zinamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanankhucha. Huko walilima, wakazaa, na wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka 150 katikati ya Wasomali. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbia kwa bahari wakaomba kurudi mahali wazee walipopataja. Serikali ya Tanzania iliwaweka Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, wilaya hiyo hiyo. Wengine baadaye walipewa uraia. Ndugu zao waliokuwa kambini Kenya walichukuliwa Marekani, na leo Kizigua kinasikika Lewiston, mji wa baridi kali katika jimbo la Maine. Njaa moja iliwatoa watu kwao wakiwa wamekadiriwa bei, na ilichukua karne na nusu wajukuu kurudi bila bei.

Si haki kusimulia habari hiyo kana kwamba Wazigua walikuwa wauzwaji tu. Karne ile ile baadhi ya wakubwa wao walipata bunduki, wakateka na kuuza wengine. Kisabengo, aliyejenga ngome iliyokuja kuwa Morogoro, alikuwa Mzigua, na hakuijenga kwa kuuza ufuta. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Biashara hiyo iliendelea kwa kificho miaka kadhaa, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922.

Kilichokwenda bara kwa kubadilishana na pembe na watu kilikuwa nguo zaidi ya kitu kingine chochote. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said wa Oman na Unguja walifunga mkataba wa biashara, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakaijaza pwani yetu kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Watu hawakusumbuka kutafuta jina. Wakakiita merikani, na mpaka leo fundi cherehani ukimwambia merikani anakuelewa. Kaniki, nguo nyeusi ya buluu, ilitoka India. Nguo zilifungwa katika mitumba, mzigo wa pagazi mmoja, ukibebwa kichwani au begani kwa miezi. Ndilo neno lile lile tunalotumia sasa kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani. Katika magulio ya vijiji vya Handeni mtumba bado unafika, ila siku hizi kwa basi, na anayeufungua anapiga kelele kuwa mzigo ni mpya.

Bidhaa zilizopita njia hizo ziliacha majina mahali pasipotarajiwa. Kipusa ni pembe ya kifaru, kitu kilichouzwa ghali mno katika masoko ya pwani. Leo kijana anayemwita msichana mzuri kipusa huenda hajawahi kumwona kifaru hata kwenye picha.

Korogwe ilipata reli mwaka 1902, Wajerumani walipoisogeza kutoka Tanga kwenda ndani; Moshi iliifikia mwaka 1911. Reli ilifuata mashamba. Mkonge ulikuwa umeletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche iliyotokea Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 palipatikana Ngombezi, Magunga, Hale, Mwelya na mashamba mengine yaliyoufanya mkoa wa Tanga ujulikane duniani. Tanganyika ilikuja kuongoza ulimwengu kwa singa, na kilele kilifikiwa mwaka 1964, tani zaidi ya 200,000. Mkonge ulivunwa, ukachanwa, ukaanikwa, ukapigwa brashi na kufungwa marobota, kisha ukaondoka. Kamba zilizosokotwa kwa singa hizo zilirudi dukani zikiwa bidhaa, kwa bei ya bidhaa.

Waliokata majani hayo wengi hawakuwa wenyeji. Wazigua na Wasambaa walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa miiba kwa ujira mdogo, kwa hiyo watu waliletwa kutoka mbali: Wabena, Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, wengine kutoka Rwanda na Burundi. Walipewa vipande vya kuhesabia siku, na kila mmoja namba yake. Ndipo wakaitwa manamba. Wakulima wa mkonge walikuwa hata na chombo chao cha kuandikisha na kusafirisha wafanyakazi, SILABU, na watu walipandishwa magarimoshi na malori kwa idadi na kushushwa kwa idadi. Hakuna aliyewaita bidhaa. Namba ilitosha.

Lakini kama kuna kipindi kilicholipa neno bidhaa harufu yake ya sasa, si cha misafara wala cha mkonge. Ni miaka ya uhaba, na watu wenye umri wa kuwa babu na bibi Sindeni na Korogwe wanaikumbuka vizuri kuliko mimi.

Azimio la Arusha la 1967 liliingiza biashara ya jumla mikononi mwa serikali, kwanza kupitia Shirika la Biashara la Taifa, kisha kampuni za biashara za mikoa ambazo kila mtu aliziita RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa yafungwe na duka la kijiji lichukue nafasi. Nia ilikuwa kumwondoa mnyonyaji. Kilichotokea mahali pengi ni kwamba mnyonyaji aliondoka na sukari yake. Duka la kijiji lilifunguliwa likiwa na daftari, karani, na shelfu tupu, na ilibidi amri hiyo ilegezwe. Baadaye kukaja vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikaisha, viwanda vikakosa malighafi. Ndipo taifa zima likajifunza msamiati mmoja: bidhaa muhimu, bidhaa adimu, mgao, kibali, foleni, magendo, ulanguzi.

Angalia maneno yalivyojipanga hapo. Bidhaa adimu ilikuwa sabuni ya kufulia, sukari, kanga, mafuta ya taa, dawa ya meno, betri za tochi. Ilikuwa na kivumishi chake cha kudumu, kama mtu mwenye cheo. Mtu hakwenda tena dukani kununua. Alikwenda kuangalia kama zimekuja. Wenye ndugu RTC walionewa wivu na wasio nao. Kwa upande mwingine, mahindi ya Handeni yalikuwa na mnunuzi mmoja wa halali, Shirika la Usagishaji la Taifa, kwa bei iliyopangwa mbali, na aliyesafirisha magunia yake mwenyewe kuvuka kizuizi alikuwa mlanguzi kama wengine. Kwa hiyo mkulima alikuwa na zao lisilomruhusu kuchagua mteja, akikabili bidhaa isiyopatikana. Wengi walifanya hesabu ya haraka wakalima ya kutosha tumbo.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi, kwa sheria maalumu iliyotungwa mwaka huo. Watu walikamatwa kwa kuficha sukari, na wengine, kwa hofu tu, walitupa mali zao usiku, mitoni na vichakani. Fikiria hali ambayo mwenye mabati, nguo au redio anaviogopa. Mwaka uliofuata bajeti ya 1984 iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize vitu bila kuulizwa alizipata wapi, na Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia mwaka 1985 milango ilizidi kufunguka mpaka akabandikwa jina la Mzee Ruksa. Bidhaa zilirudi. Kivumishi "adimu" kikaondoka chenyewe bila kufukuzwa, na nafasi yake ikashikwa na vingine: bandia, feki, za Kichina, zilizokwisha muda.

Soko la leo, la Manundu pale Korogwe au gulio lolote la upande wa Handeni, lina majina mengi kwa vitu vya kuuza, na hayabadilishani viti ovyo kama vitabu vya visawe vinavyotuambia. Mali ni neno la mwenye kitu. Kitanda kibovu cha marehemu ni mali, wanaweza kukigombania mahakamani, lakini si bidhaa mpaka apatikane wa kukinunua. Mali inahitaji mwenyewe. Bidhaa inahitaji mteja. Ndiyo maana muuza nguo akitaka kukusifia shati hasemi "hii ni bidhaa", anasema "hii mali", yaani hata yeye angependa kubaki nayo.

Mzigo ni neno la anayebeba au anayengojea kubebewa, na siku hizi limepanda cheo. Kariakoo mwenye duka akisema mzigo umefika, anaweza kuwa na maana ya kontena zima la simu zisizo na uzito wa kumchosha mtoto. Shehena ni neno la bandari na la magazeti. Vitu ni neno la wote, na ndilo lenye adabu zaidi, kwa sababu halimwambii jirani umepata faida kiasi gani: "Nimefuata vitu Korogwe." Mashariki ya Kongo wanalitamka bintu na linafanya kazi hiyo hiyo. Mazagazaga ni bidhaa ndogo ndogo mbalimbali zikitajwa na mtu asiye na hamu nazo; makorokoro ni zile zile zikitajwa na mtu anayetaka ziondolewe sebuleni.

Biashara ni la kuangaliwa zaidi, kwani limekuwa jina la tendo na la kitu. Mama wa nyanya akikuta tenga limelowa na nusu ya nyanya zimepondeka, hasemi bidhaa zangu zimeharibika. Anasema, "Biashara yangu imeharibika." Kwake nyanya na kazi ya kuuza nyanya ni kitu kimoja, zikioza, ajira yake nayo imeoza siku hiyo. Mwenye duka lenye bima na stoo anaweza kutenganisha. Yeye hawezi. Naliona hilo kuwa tofauti ya kipato iliyojificha katika nahau, na sijaona kamusi iliyoiandika.

Jambo jipya limetokea katika miaka ya karibuni. Kuna Soko la Bidhaa Tanzania, linalofahamika kwa herufi TMX, na linachouza kwa mnada wa kompyuta ni korosho, ufuta, mbaazi, choroko, mazao yaliyowekwa ghalani chini ya mfumo wa stakabadhi uliotungiwa sheria mwaka 2005. Humo zao bichi la mkulima linaitwa bidhaa hadharani, na taasisi ya umma, kabla halijaguswa na kiwanda. Si mchezo wa maneno. Ufuta hauitwi bidhaa humo mpaka umepimwa, umepangwa daraja, umeandikiwa stakabadhi na bei yake inajulikana kwa wanunuzi zaidi ya mmoja. Mfumo una wapinzani, na wakulima wanaolalamika kucheleweshewa malipo wana hoja. Lakini masharti yale manne, kipimo, daraja, karatasi na wanunuzi wengi, ndiyo hasa yanayokosekana pembeni mwa barabara ya Sindeni wakati wa mavuno.

Huko pembeni mwa barabara kipimo ni debe na gunia, na gunia lina tabia ya kukua. Likijaa, linaongezewa kilemba, linashonwa juu kwa kamba, linasukumwa kwa goti. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa gunia moja, mnunuzi anapakia gunia na kipande, na mjini kile kipande kinapimwa kwa kilo. Mwenye shida ya ada ya shule mwezi wa mavuno hana nguvu ya kubishana na mtu mwenye lori na fedha taslimu. Maana ya kukata iliyomo katika mzizi wa Kiarabu hapa inatimia vibaya: kipande kinakatwa kutoka kwa asiye na mizani na kutengwa kwa ajili ya biashara ya mwenzake.

Sheria ya Vipimo haina utata. Mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100 kwa gunia, yauzwe kwa mizani, na Wakala wa Vipimo ndiye msimamizi. Halmashauri za Handeni na Korogwe zinatoza ushuru wa mazao yanayopita kwenye vizuizi vyao, kwa hiyo haziwezi kusema hazijui magunia yanapita wapi. Penye mtoza ushuru pawekwe mizani. Nawe msomaji, ukisimama njia hiyo msimu ujao kununua gunia la mahindi la nyumbani, omba lipimwe mbele ya muuzaji, ulipe kilo zilizoonekana, na lenye kilemba uliache.